MASHINE YASOMA KITABU CHA NASABA: JE, INATUJUA SISI?

Na Mwandishi Wetu wa Afya na Nyumbani

Ni nyumba chache ambazo hazijapata kuguswa na swali hili: mtoto huyu ameyatoa wapi maradhi haya? Katika kambi za jeshi na nyumba za polisi swali hilo huwa zito zaidi, kwani mume aweza kuwa ametoka kaskazini, mke ametoka magharibi, na wazee wa pande zote mbili wako mbali. Mtoto akiugua mara kwa mara, au akichelewa kutembea, au moyo wake ukidunda isivyo kawaida, maneno huanza. Wengine humlaumu mama. Wengine huutaja ukoo wa baba. Wengine hunong'ona habari za husuda na uchawi. Na wakati maneno hayo yote yakisemwa, mtoto yumo kitandani akizidi kudhoofu.

Kwa baadhi ya maradhi hayo jibu limo ndani ya damu ya mtoto mwenyewe. Katika miaka ya karibuni madaktari wa nchi kadhaa wamepata msaidizi mpya wa kulitafuta jibu hilo, nazo ni kompyuta zilizofundishwa kupambanua mambo mithili ya akili ya binadamu. Watu huziita akili bandia, na wengine akili mnemba. Zimesifiwa sana. Baadhi ya sifa hizo ni za haki, na nyingine zahitaji kupimwa kwanza. Makala haya yanakusudia kumweleza askari, mkewe na wazee wao jinsi msaidizi huyo afanyavyo kazi, mahali anapokosea, na kwa nini kukosea kwake kunatuhusu sisi Waafrika kuliko watu wengi wengine.

HERUFI BILIONI TATU

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli, na karibu kila seli imehifadhi ndani yake maagizo yote ya kuujenga na kuuendesha mwili huo. Maagizo hayo yameandikwa katika uzi mwembamba uitwao DNA. Waweza kuufananisha uzi huo na kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu wamezipa majina ya A, C, G na T. Herufi hizo hupangwa na kurudiwa hata zikafikia bilioni tatu hivi. Sehemu za kitabu zinazotoa agizo la kutengeneza protini za mwili huitwa jeni, nazo ni kama 20,000. Kitabu kizima huitwa jenomu. Nakala moja ya kitabu hicho tunairithi kwa baba na nyingine kwa mama, na kwa njia hiyo mtoto huchukua pua ya mjomba, urefu wa babu, na wakati mwingine maradhi ambayo wazazi wake wenyewe hawajapata kuyaugua.

Wanasayansi wa mataifa mbalimbali walianza kukisoma kitabu hiki kwa pamoja mwaka 1990, wakatangaza kuimaliza kazi mwaka 2003. Kurasa chache zilizokuwa ngumu mno kusomeka hazikukamilika mpaka mwaka 2022. Kazi ile ya kwanza iligharimu mabilioni ya dola. Leo, katika maabara kubwa, kitabu cha mtu mmoja kinaweza kusomwa kwa chini ya dola 1,000, kabla ya kuhesabu kazi ya madaktari ya kukifasiri.

Yafaa ieleweke kwamba kosa la herufi moja laweza kuleta msiba nyumbani. Mfano ulio karibu nasi ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Katika ugonjwa huu herufi moja ya A imegeuka kuwa T katika jeni inayotengeneza sehemu ya himoglobini, yaani kitu kinachobeba hewa safi katika damu. Kwa sababu ya herufi hiyo moja, chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo, zikaleta maumivu makali na upungufu wa damu. Mtu mwenye nakala moja yenye kosa kwa kawaida haugui, bali ni mbebaji tu. Lakini wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba pana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Uchunguzi uliofanywa Uganda kati ya mwaka 2014 na 2015, kwa kutumia matone makavu ya damu ya watoto wapatao 98,000 kutoka wilaya zote, ulionyesha kwamba watoto 13.3 katika kila mia walikuwa wabebaji, na 0.7 katika kila mia walikuwa wagonjwa. Katika baadhi ya wilaya za kaskazini na mashariki wabebaji walizidi 20 kwa mia. Kwa familia za askari habari hii ina uzito wa pekee. Kambini hukutana vijana wa wilaya zote, nao huoana. Haifai mtu kujidanganya kwamba ugonjwa huo ni wa kabila fulani tu na kwake hauwezi kuingia.

Hata hivyo, selimundu haihitaji akili bandia. Jeni yake inajulikana, kosa lake linajulikana, na kipimo chake ni tone la damu. Ugumu uko katika maelfu ya maradhi mengine ya kurithi, ambayo kila moja ni nadra, lakini yakijumlishwa pamoja huwapata watu wengi. Huko ndiko mashine ilikoitwa kusaidia.

MPELELEZI NA MAJINA MILIONI NNE

Ukilinganisha jenomu ya mtu yeyote na ile iliyowekwa kuwa kielelezo, utaona tofauti katika mahali kama milioni nne hadi tano. Karibu zote hazina madhara, kwani ndizo zinazotufanya tusifanane. Daktari aliyeletewa mtoto mgonjwa ana kazi ya kuichagua moja au mbili zilizoleta ugonjwa. Askari wa upelelezi ataielewa shida hiyo mara moja. Ni kama aliyekabidhiwa orodha ya majina milioni nne, akaambiwa kwamba mhalifu ni mmoja wao, na kwamba huenda hana muda zaidi ya usiku huu.

Katika upelelezi huo mashine hufanya kazi za namna tatu.

Kazi ya kwanza ni kusoma bila kukosea. Mitambo mingi ya kusomea DNA haisomi kitabu kwa mfululizo, bali hukikatakata vipande vifupi vya herufi mia moja na hamsini hivi, kisha kompyuta huvipanga tena. Katika kupanga huko makosa huingia. Mwaka 2018 wataalamu wa Google walieleza kwa maandishi programu yao iitwayo DeepVariant, ambayo huvigeuza vipande hivyo kuwa mfano wa picha, kisha huamua kama tofauti inayoonekana ni ya mgonjwa kweli au ni kosa la mtambo. Programu hiyo ilijifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi ambayo jibu lake lilikuwa linajulikana tayari, kama kuruta anavyofundishwa shabaha kwa kurudia rudia.

Kazi ya pili ni kukisia madhara. Tofauti ikiwa imethibitika, je, inadhuru? Mwezi wa Septemba 2023 kampuni ya Google DeepMind ya London ilitangaza programu iitwayo AlphaMissense. Programu hiyo ilipitia mabadiliko milioni 71 yanayowezekana, ambayo kila moja hubadilisha kiungo kimoja tu katika protini ya mwili, ikayatolea hukumu 89 kwa mia ya mabadiliko hayo: haya yaelekea kudhuru, na haya yaelekea kutodhuru. Kabla ya hapo wataalamu wa kibinadamu walikuwa wameweza kuthibitisha kama 0.1 kwa mia tu. Lakini mkazo uwe juu ya neno "yaelekea". Hayo ni makisio, wala si uthibitisho.

Kazi ya tatu ni kuunganisha herufi na dalili. Katika hospitali ya watoto ya Rady, mjini San Diego, Marekani, madaktari walitengeneza utaratibu ambao kompyuta huyasoma maandishi ya faili la mgonjwa, ikatoa humo dalili zake, ikazilinganisha na maradhi ya kurithi yanayojulikana, kisha ikatafuta katika jenomu yake kosa linalolingana nazo. Katika taarifa yao ya mwaka 2019 walieleza kwamba kazi yote, tangu damu hadi jibu la awali, ilichukua kiasi cha saa 20. Walipoujaribu utaratibu huo kwa watoto saba waliokuwa mahututi, uliwatambua kwa usahihi watatu, na katika kila mmoja wa hao watatu matibabu yalibadilishwa kwa sababu ya jibu hilo. Mwezi wa Januari 2022 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika nchi hiyo hiyo, walitoa taarifa ya wagonjwa mahututi 12, ambao watano kati yao walipata jibu. Mmoja wao alilipata kwa muda wa saa saba na dakika 18.

Ndugu msomaji, zitazame hesabu hizo kwa makini. Watatu kati ya saba. Watano kati ya 12. Hata penye mitambo bora kabisa ya dunia, wengi walibaki bila jibu. Asiwepo basi mtu atakayekuuzia habari kwamba mashine inajua kila kitu.

Wataalamu wenyewe wameweka kanuni. Miongozo iliyotolewa Marekani mwaka 2015, ambayo inafuatwa katika maabara za nchi nyingi, imegawa matokeo katika mafungu matano: yanayodhuru, yanayoelekea kudhuru, yasiyojulikana maana yake, yanayoelekea kutodhuru, na yasiyodhuru. Miongozo hiyo ilisema wazi kwamba makisio ya kompyuta peke yake hayatoshi kulitia badiliko katika fungu la yanayodhuru. Sharti pawe na ushahidi mwingine, kama vile ugonjwa kufuatana na badiliko hilo katika ukoo, au majaribio ya maabara. Polisi wanalijua jambo hili. Fununu humwongoza mpelelezi, lakini haimpeleki mtu gerezani.

MAHALI MASHINE ILIPOPOFUKA

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa sisi. Mashine hujifunza kwa mifano. Ikiwa mifano yote imetoka kwa watu wa namna moja, itawatambua watu hao vizuri, na wengine itawabahatisha.

Ushahidi wa neno hili ulitolewa na majirani zetu. Ipo programu iitwayo Face2Gene, ambayo huitazama picha ya uso wa mtoto ikataja maradhi ya kurithi yanayoelekea kulingana na sura hiyo, kwani baadhi ya maradhi hayo huacha alama usoni. Mwaka 2017 madaktari wa Kongo na wenzao wa Ubelgiji walitoa taarifa ya kuijaribu kwa watoto wenye hali ya Down, ambayo hutokana na kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada. Hali hiyo si nadra, na inajulikana duniani kote. Kwa watoto wa Kizungu programu iliitambua mara 80 katika kila mia. Kwa watoto wa Kiafrika iliitambua mara 36.8 tu. Kwa maneno mengine, ilishindwa kwa watoto wengi kuliko iliowatambua.

Programu hiyo haikuwa na chuki na mtu. Ilikuwa haijafundishwa, maana nyuso ilizoonyeshwa hazikuwa nyuso zetu. Nayo dawa ya kasoro hiyo ilikuwa nyepesi kuliko mtu angalivyodhani. Madaktari wale waliifundisha upya kwa picha za watoto wa Kiafrika, wenye hali hiyo na wasio nayo, na kiwango cha kutambua kikapanda mpaka 94.7 kwa mia. Mtambo haukuongezewa nguvu, ila ulionyeshwa watoto wetu.

Mfano wa pili unahusu moyo. Kuna ugonjwa wa kurithi unaounenepesha ukuta wa moyo, ambao huweza kumwangusha ghafla kijana aliyeonekana mzima, hata akiwa mazoezini. Jamaa za aliyepatwa hupimwa ili kujua nani ameurithi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba baadhi ya Wamarekani wenye asili ya Afrika walikuwa wameambiwa kwamba wanacho chanzo cha ugonjwa huo, kumbe mabadiliko yaliyoonekana kwao ni ya kawaida kwa watu weusi na hayana madhara. Kosa lilitoka wapi? Utafiti wa awali uliwalinganisha wagonjwa na watu wazima ambao miongoni mwao weusi walikuwa wachache mno au hawakuwamo kabisa. Jambo la kawaida kwa weusi likaonekana kuwa geni, na lililo geni likadhaniwa kuwa ndilo ugonjwa. Watafiti walieleza kwamba hata weusi wachache tu wangalitiwa katika hesabu ile ya mwanzo, makosa mengi yangaliepukika.

Kosa hilo lilifanywa na binadamu, si mashine. Lakini mashine za leo hufundishwa kwa madaftari yale yale yaliyoandikwa na binadamu. Daftari likiwa na upungufu, mashine huurithi upungufu huo, kisha huurudia upesi mara elfu bila kusitasita. Hebu fikiria maana yake kwa kijana wa jeshi anayeambiwa kwamba moyo wake ni mbovu ilhali ni mzima, akaondolewa katika kazi aliyoipenda. Au mwenziwe anayeambiwa kwamba ni mzima, kumbe ugonjwa wake haujapata kuandikwa popote.

NI NANI ALIYEMO KATIKA DAFTARI?

Mwaka 2022 kundi la watafiti, ambalo mmoja wa viongozi wake alikuwa akifanya kazi Uganda, lilieleza hali ilivyokuwa kufikia mwaka 2021. Katika uchunguzi mkubwa wa kutafuta uhusiano wa jeni na maradhi duniani, kiasi cha 86 kwa mia ya watu waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa kama 1.1 kwa mia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko bara jingine lolote, kwani wanadamu wameishi hapa kwa muda mrefu kuliko kwingineko. Mwaka 2020 watafiti wa Afrika na wenzao walitoa matokeo ya kusoma jenomu za watu 426 wa jamii 50 za lugha mbalimbali za bara hili. Kwa watu hao wachache tu waliona mabadiliko zaidi ya milioni tatu yaliyokuwa hayajapata kuandikwa. Kila moja la hayo, likionekana kwa mtoto mgonjwa, mashine isiyolijua ingeweza kulinyoshea kidole bure.

Basi ni heri kusema kwamba watu wa Uganda hawakukaa kimya. Katika vijiji vya Kyamulibwa, wilayani Kalungu, kusini magharibi mwa nchi, pana utafiti wa afya ulioanza mwaka 1989 chini ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Ulianza kwa sababu ya UKIMWI. Baadaye wanavijiji wakakubali pia kuchunguzwa habari za kisukari, shinikizo la damu na maradhi mengine. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jeni za watu wapatao 6,400 wa huko, na kati yao karibu 2,000 walisomwa jenomu nzima. Matokeo hayo yaliongeza katika madaftari ya dunia mabadiliko mengi yaliyokuwa hayajulikani.

Yalionyesha pia jambo lenye faida nyumbani. Kipimo cha kisukari kiitwacho HbA1c, ambacho hupima wastani wa sukari ya miezi kama mitatu iliyopita, huathiriwa na badiliko fulani la jeni ya damu lililoenea sana Afrika, yaani lile la thalasemia ya alfa. Kwa mtu mwenye badiliko hilo namba ya kipimo yaweza kuwa tofauti bila sukari yenyewe kuwa tofauti. Wakulima wa Kyamulibwa, kwa kukubali kutoa damu kidogo, wamemfundisha daktari wa popote kuitazama namba hiyo kwa uangalifu zaidi.

SIRI YA DAMU

Je, maana yake ni kwamba kila mmoja wetu apeleke damu yake kwa yeyote anayeitaka? La, hasha. Jenomu si kama namba ya siri ambayo ikiibwa hubadilishwa. Ni ya maisha, na haimfichui mtu mmoja tu, bali hufichua pia habari za watoto wake, ndugu zake na wazazi wake.

Askari ana sababu zaidi ya kujihadhari. Mwezi wa Desemba 2019 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaandikia wanajeshi wake waraka ikiwashauri wasitumie vipimo vya DNA vinavyouzwa moja kwa moja kwa watu binafsi. Ilisema kwamba vingine havina usahihi wa kutosha, na kwamba habari zake zaweza kuhatarisha usalama wa askari na wa kazi yake. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2023 wezi wa mitandao waliingia katika kumbukumbu za kampuni ya 23andMe ya Marekani, wakapata habari za watu wapatao milioni 6.9. Mwezi wa Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni, na wateja wake wakabaki kuuliza ni nani atakayezimiliki habari za damu zao.

Kipimo cha hospitali, kilichoagizwa na daktari kwa ajili ya mgonjwa, ni jambo jingine. Hapa Uganda ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo huzihesabu habari za afya kuwa za namna ya pekee, zinazotaka hifadhi kubwa zaidi. Mwananchi anayo haki ya kuuliza: damu yangu itatumiwa kwa kazi gani? Habari zake zitawekwa wapi, na kwa muda gani? Je, zitapelekwa nchi za nje? Kujitoa kwa ajili ya utafiti wenye kibali ni tendo la heshima. Kujitoa bila kuuliza ni uzembe.

YALIYO WAJIBU WETU NYUMBANI

Kwa wengi wetu mashine hizi bado ziko mbali. Lakini yapo mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya tangu leo bila mtambo wowote.

Kwanza, andikeni historia ya ukoo. Askari huhamishwa, na wazee hufariki pamoja na habari zao. Mpigieni simu shangazi na bibi, mkaulize ni watoto wangapi walifariki wangali wadogo, nani alianguka ghafla, nani alikuwa na maumivu ya viungo tangu utotoni. Daftari la senti chache lenye habari hizo lina thamani kubwa mbele ya daktari, na hata mashine iliyo bora hufanya kazi vizuri zaidi ikipewa habari za ukoo zilizo kamili.

Pili, vijana wanaokusudia kuoana na wapime selimundu. Matokeo si amri ya kuvunja uchumba, ila ni taa ya kuonyesha njia. Mtoto akizaliwa na ugonjwa huo, kujua mapema humwokoa. Utafiti uliofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa iitwayo hydroxyurea, ikitolewa na kusimamiwa na daktari, iliwapunguzia watoto wagonjwa maumivu, malaria na hata vifo.

Tatu, mkipewa matokeo yoyote ya jeni, msiondoke bila kuuliza. Muulizeni daktari kwa adabu: Daktari, matokeo haya yamo katika fungu lipi kati ya yale matano? Je, yamelinganishwa na watu wa Afrika? Pana ushahidi gani mwingine zaidi ya makisio ya kompyuta? Je, sisi wazazi tupimwe pia? Na mkiambiwa kwamba maana ya badiliko haijulikani, msilichukue neno hilo kuwa hukumu. Maana yake ni kwamba upelelezi haujafungwa, na yafaa kurudi kuuliza baada ya mwaka mmoja au miwili, kwani madaftari huongezeka.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, komesheni lawama. Hakuna mama aliyechagua herufi za mtoto wake, wala baba. Makosa mengine hayakurithiwa kabisa, bali huzuka upya kwa mtoto. Mume anayempiga au kumfukuza mkewe kwa sababu ya mtoto mgonjwa anamwadhibu asiye na hatia, na kumwacha mtoto bila mlezi. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Katika nyumba nyingi maradhi hufichwa kwa kuogopa lawama hizo hizo.

Mashine hii mpya ni askari mwepesi wa miguu, mwenye macho makali, asiyechoka usiku wala mchana. Lakini imefundishwa katika nchi za wengine, na ramani yetu haijaijua vizuri. Madaktari wa Kongo wameonyesha kwamba hufundishika, na wanavijiji wa Kyamulibwa wameonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kuwa walimu wake. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba watoto wetu wamo katika daftari inayosomwa na mashine hiyo, kwa ridhaa yetu na chini ya sheria zetu, na kwamba mwisho wa yote neno la kuamua linabaki kwa daktari aliyemtazama mtoto, akamgusa, akawasikiliza wazazi wake.